Sahihi Mbili Zinazoweza Kufuta Kinga Yako: Hotuba kwa Madereva Wanaozungumza Kiswahili Walioko Marekani

Mabibi na mabwana, kina mama na kina baba, na vijana wetu mlioshika usukani juzi juzi: asanteni kwa kufika.

Mtu anayetoka Afrika Mashariki huja Marekani na hesabu yake ya bima kichwani. Kuna bima ndogo, inayomlipa yule uliyemgonga, na kuna bima kubwa, inayotengeneza na gari lako pia. Hapa hesabu hiyo inakuacha na pengo, na pengo lenyewe halihusu gari. Linahusu mwili wako. Ukigongwa na mtu asiye na bima, au aliye nayo ya kubabaisha, nani atalipa hospitali, mshahara uliokosa na maumivu utakayoishi nayo? Bima kubwa hailipi hayo. Wakala anaweza kukuambia kwa nia njema kabisa kwamba una "bima kamili", lakini hicho si kifungu cha mkataba. Kwa kawaida anamaanisha dhima yako kwa wengine, matengenezo ya gari lako likigongana, na wizi, moto au mvua ya mawe. Mifupa yako haimo.

Kinga ya pengo hilo ipo, na mara nyingi ni kipande kidogo cha bei yote ya bima. Kwenye karatasi utaiona kwa herufi UM, ya dereva asiye na bima, na UIM, ya dereva mwenye bima pungufu. Tutakayoyasema leo yanazunguka sahihi mbili. Moja unaitia siku ya kununua bima. Nyingine unaitia miezi kadhaa baada ya ajali. Kila moja inaweza kufuta kinga hii yote, na zote mbili huletwa katikati ya lundo la karatasi ambazo karibu hakuna anayezisoma.

Tuanze na namba. Chukua ukurasa wa kwanza wa mkataba wako, ule wenye jina lako, magari yako na bei. Utakuta namba tatu zimetenganishwa kwa mkwaju, kwa mfano 25/50/25. Zisome kwa maelfu ya dola. Ya kwanza ni kiwango cha juu ambacho kampuni italipa kwa mtu mmoja aliyeumia. Ya pili ni kiwango cha juu kwa watu wote walioumia katika ajali moja. Ya tatu ni ya mali: gari, uzio, nguzo ya umeme. Hivyo ni vikomo vya dhima, fedha anazolipwa mwenzako kosa likiwa lako. Sasa kosa likiwa la yule aliyekugonga, namba zinazokuhusu ni zake, wala hukumchagulia wewe.

Ile namba ya pili watu huisahau. Tuseme familia ya watu watano imo kwenye gari moja, wote wameumia, na aliyewagonga ana 25/50. Hawapati 25,000 mara tano. Wanapata 50,000 kwa wote, wagawane, na wawili wakilazwa na kufanyiwa upasuaji wanaweza kuzimaliza zote, 25,000 kila mmoja, kabla ya wengine kuhesabiwa.

Sheria ya kila jimbo inaweka kiwango cha chini, na viwango hivyo ni vya chini kweli. California ilikaa na 15/30/5 tangu mwaka 1967 hadi mwisho wa 2024. Kuanzia Januari 1, 2025 imekuwa 30/60/15. Texas ni 30/60/25. Pennsylvania bado iko kwenye 15/30/5, na dola 5,000 za mali siku hizi hazilipi hata taa na bampa za baadhi ya magari. Maine inadai 50/100/25. North Carolina ilipandisha hadi 50/100/50 Julai 1, 2025. Florida ni kisa cha peke yake: dereva wa kawaida analazimika kuwa na dola 10,000 za kumtibu yeye mwenyewe bila kujali kosa ni la nani, na 10,000 za mali ya wengine, lakini kwa jumla halazimiki kununua bima ya kuwalipa watu atakaowajeruhi. Kwa hiyo mtu wa Florida anaweza kukuvunja mguu akiwa ametii sheria ya bima, na usikute hata senti moja kwenye bima yake ya kulipia mguu huo. New Hampshire haimlazimishi mtu kununua bima kabisa. Virginia ilikuwa ikimruhusu mtu kulipa ada ya dola 500 kwa mwaka na kuendesha bila bima; ruhusa hiyo ilifutwa Julai 1, 2024.

Hapo tumewazungumzia wanaotii sheria. Taasisi ya Insurance Research Council ilikadiria kwamba mwaka 2019 asilimia 12.6 ya madereva nchini hawakuwa na bima, karibu mmoja kati ya wanane. Mississippi iliongoza kwa asilimia 29.4, na New Jersey ilikuwa mwisho kwa asilimia 3.1. Ongeza juu yao wenye viwango vya chini tu, ndipo utajua unakutana na nani kwenye taa nyekundu.

"Si nitamshtaki?" Unaweza, na huenda ukashinda. Tatizo ni kukusanya. Mtu asiyenunua bima mara nyingi hana nyumba wala akiba ya kukamatwa, sheria nyingi hulinda sehemu kubwa ya mshahara wake, na akitangaza kufilisika deni la ajali ya kawaida linaweza kufutwa. Deni la kumjeruhi mtu kwa kuendesha ukiwa umelewa halifutwi kwa kufilisika, lakini kutofutwa hakuligeuzi kuwa fedha mkononi mwako. Hukumu ya mahakama dhidi ya mtu mtupu ni karatasi.

Kinga ya UM na UIM inafanya kazi kwa kugeuza mambo: kampuni yako wewe inasimama mahali pa bima ambayo yule mwenye kosa alipaswa kuwa nayo. UM inafunguka pale aliyekugonga hana bima yoyote, au amekimbia hajulikani, au kampuni yake imemkana au imefilisika. UIM inafunguka pale anayo bima, ila haitoshi. Inalipa yale yale ambayo angelipa yeye: matibabu ya sasa na ya baadaye, kipato ulichokosa, maumivu, ulemavu, na kwa familia iliyofiwa, hasara ya msiba. Hapo ndipo inapotofautiana na kinga ya PIP, yaani ya majeraha yako mwenyewe, na ile ya malipo ya matibabu, ambazo hulipa haraka bila kuuliza kosa ni la nani, lakini kwa kiwango kidogo na bila fidia ya maumivu.

Sharti lake ni moja na ni zito: lazima aliyekugonga awe na kosa kisheria, na ni wewe wa kuthibitisha. Majimbo mengi hupunguza fidia kwa asilimia ya kosa lako. Lakini Alabama, Maryland, North Carolina, Virginia na mji mkuu wa nchi, Washington, D.C., kwa ujumla bado wanafuata kanuni ya zamani, kwamba dereva mwenye kosa hata dogo tu anaweza kupoteza dai lote. Kwa hiyo ukiwa kando ya barabara, ule uungwana wetu wa kusema "samahani sana ndugu yangu, nami sikukuona" uuweke mfukoni. Msaidie mtu, mwite gari la wagonjwa, lakini usigawe makosa.

Nani analindwa? Wewe uliyetajwa kwenye mkataba, mwenzi wako, na jamaa zako wa damu, wa ndoa au wa kuasiliwa wanaoishi nyumba moja nawe. Hawa katika mikataba mingi hulindwa hata wakiwa kwenye gari la mtu mwingine, kwenye baiskeli, au wakivuka barabara kwa miguu. Mtoto wako akigongwa kwenye kivuko cha shule na gari lililokimbia, uliza UM ya gari lako lililokuwa limeegeshwa nyumbani. Watu wengi hawajui hili na madai yao hufa bila kuandikwa. Abiria wengine wanalindwa wakiwa ndani ya gari lako tu. Mpangaji mwenzako ambaye si jamaa hayumo akiwa nje ya gari lako, hata kama mnakula sufuria moja. Na kila mtu mzima anayeishi kwako lazima aandikwe kwenye maombi ya bima, awe anaendesha au haendeshi; kumficha ili bei ishuke kunaipa kampuni sababu ya kuuvunja mkataba siku unapouhitaji.

Sasa sahihi ya kwanza.

New Hampshire ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sheria ya kinga ya UM ndani ya mikataba ya bima, mwaka 1957, na leo majimbo yamegawanyika. Mengine yanalazimisha, kwa mfano Illinois, Massachusetts, New York na Minnesota, ingawa kwa kiwango cha chini tu. Mengine, na humo mna California, Texas, Florida, Georgia, Colorado na Pennsylvania, yanailazimisha kampuni ikupe kinga hii isipokuwa wewe umeikataa kwa maandishi. Kukataa huko ni fomu fupi. Ukinunua bima dukani wakala anakusogezea anasema "weka sahihi hapa, hapa na hapa". Ukinunua kwenye simu ni kisanduku cha kubonyeza, na bei inashuka kidogo ukibonyeza. Sahihi ya kielektroniki ina nguvu ile ile ya wino. Na kukataa huko kwa kawaida kunaendelea kila mkataba unapohuishwa, mwaka baada ya mwaka, bila kuulizwa tena, mpaka wewe mwenyewe uombe kinga irudi.

Wakala mwingine atakuhakikishia kwamba huhitaji kwa sababu una bima ya afya. Jibu ni kwamba bima ya afya hailipi mshahara uliokosa wala maumivu, ina kiasi unachotoa kwanza mfukoni, na mara nyingi ina haki ya kurudishiwa fedha zake kutoka kwenye fidia utakayopata. Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali, nazo zinadai zirudishiwe. Zikubalini bima zote mbili zifanye kazi, kila moja na kazi yake.

Piga simu kwa kampuni na uombe nakala ya fomu uliyotia sahihi. Omba nakala yenyewe, usikubali kusomewa tu kwenye simu. Hilo lina faida mbili. Ukiiona, unajua umesimama wapi. Kampuni ikishindwa kuitoa baada ya ajali, sheria katika majimbo mengi huhesabu kwamba kinga ilikuwepo.

Kiwango gani uchague? Kwa kawaida huruhusiwi kununua UM kubwa kuliko dhima yako mwenyewe, kwa hiyo kupandisha moja kunamaanisha kupandisha nyingine. Kwa mtu mwenye familia na kazi, maoni yetu ni kuanzia 100/300. Kutoka 25/50 kwenda 100/300 bei haipandi mara nne, maana dola za mwanzo ndizo ghali zaidi kuziwekea bima. Kama una bima ya mwavuli juu ya bima ya gari, usidhani inaongeza UM. Nyingi hulipa dhima yako kwa wengine tu, mpaka ununue kiambatisho.

Hapa tuingie kwenye hesabu ambayo hata baadhi ya mawakala huikosea. UIM hupimwa kwa njia mbili, na jimbo lako ndilo linaloamua.

Njia ya kwanza ni ya kutoa. Kikomo chako cha UIM kinapunguzwa kwa kile ulicholipwa na bima ya mwenye kosa. Tuseme hasara yako ni dola 180,000, yeye ana 25,000, wewe una UIM ya 100,000. Kampuni yako inatoa 25,000 kutoka 100,000, inalipa 75,000. Jumla mkononi ni 100,000. Njia ya pili ni ya kuongeza juu: unapata 25,000 zake, kisha 100,000 zako kamili, jumla 125,000. California wanatoa. Colorado wanaongeza tangu Januari 1, 2008. Georgia wana aina zote mbili. Tangu 2009 ile ya kuongeza ndiyo inayowekwa, mpaka wewe uchague ile ya kutoa, ambayo ni nafuu kidogo na dhaifu zaidi.

Mtego mkubwa uko kwenye njia ya kutoa. Kama wewe una UIM ya 30/60 na aliyekugonga ana dhima ya 30/60, basi 30 toa 30 ni sifuri. Katika jimbo kama California yeye hahesabiwi hata kuwa na bima pungufu, kwa sababu kikomo chake si kidogo kuliko chako. Umelipia kinga ya UIM miaka yote, na dhidi ya dereva mwenye kiwango cha chini cha sheria haina kitu. UIM ya kiwango cha chini katika jimbo la kutoa ni karibu jina tupu. UM bado inafanya kazi, kwa maana asiye na bima kabisa hana cha kutolewa.

Kuna pia kurundika. Ukiwa na magari mawili kwenye mkataba mmoja, kila moja na UM ya 50,000, majimbo fulani yanakuruhusu kuzijumlisha ziwe 100,000 kwa ajali moja. Pennsylvania ndivyo ilivyo mpaka utie sahihi ya kuacha haki hiyo ili upunguziwe bei, na Florida nayo huuza aina mbili, ya kurundika na isiyo ya kurundika. Mengine yanaruhusu mkataba ukataze. Soma kipengele hicho kabla ya kununua gari la pili.

Gari lenyewe tulipitie haraka. Katika baadhi ya majimbo kuna UM ya mali. Texas ina makato, yaani kiasi unachotoa kwanza mfukoni, ya dola 250 kwenye kinga hiyo. California inalipa hadi 3,500 tu kwa mtu asiye na bima ya kugongana, na mwenye nayo anaweza kununua kipengele kinachomfutia makato yake akigongwa na asiye na bima. Kama gari lako lina thamani, bima ya kugongana ndiyo itakayolitengeneza.

Ajali imetokea. Piga 911 na usikubali kumalizana kienyeji. Dereva anayekupa dola mia tatu mkononi na kukusihi usiite polisi anakupa taarifa kuhusu bima yake bila kujua. Piga picha bamba la namba, leseni yake, kadi yake ya bima, nafasi za magari kabla hayajasogezwa, alama za tairi, kamera za maduka zilizo karibu. Chukua namba za simu za mashahidi wasiokuhusu. Abiria wako si shahidi huru. Kadi ya bima haithibitishi kwamba bima ipo: mtu hulipia mwezi mmoja, akapata kadi ya miezi sita, akaacha kulipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake. Pengo la wiki tatu kati ya ajali na daktari ndiyo hoja ya kwanza ya mkaguzi wa madai.

Aliyegonga akikimbia, saa zinahesabiwa. California inataka polisi waarifiwe ndani ya saa 24, na kampuni yako ipate taarifa ya kiapo ndani ya siku 30. California na Texas zinataka pia magari yawe yamegusana. Gari lililokuzibia njia ukakwepa ukaingia mtaroni, bila kukugusa, halitakupa dai huko. Georgia inakubali bila mguso kama kuna shahidi aliyeona anayeunga mkono maelezo yako. Ndiyo maana kamera ndogo ya kwenye kioo ina thamani, na ndiyo maana rangi ya gari la mwenzako iliyobaki kwenye bampa isifutwe mpaka ipigwe picha.

Iarifu kampuni yako mapema, kwa maandishi, kwamba huenda ukadai UM au UIM, hata kama bado hujui bima ya mwenzako ikoje. Kisha tafuta vikomo vyake. Florida inaipa kampuni yake siku 30 kutoa taarifa hiyo baada ya kuombwa kwa maandishi. Kwingine wakili huandika barua au hufungua kesi ndipo zitoke.

Hapa ndipo inapokuja sahihi ya pili, na hii ndiyo inayoumiza zaidi kwa sababu inaletwa pamoja na hundi.

Kampuni ya aliyekugonga inaona hasara yako ni kubwa kuliko kikomo chake. Inakubali haraka: chukua 25,000 zote, weka sahihi kwenye hati ya kuachilia madai. Wewe unaona ni ushindi, na UIM utaidai baadaye. Lakini kampuni yako ina haki ya kumfuata yule dereva ili arudishe itakachokulipa, na ukimwachilia kabisa umeiua haki hiyo. Mikataba mingi inasema wazi kwamba ukimalizana na mwenye kosa bila idhini ya kampuni yako, UIM imekwisha. Umechukua 25,000 na kuacha 75,000 mezani.

Utaratibu salama ni huu. Pata ofa ya kikomo chote kwa maandishi. Ipeleke kwa kampuni yako kabla ya kusaini, pamoja na taarifa zozote za mali ya yule dereva, na uombe idhini kwa maandishi. Minnesota ina utaratibu uliotokana na hukumu ya mwaka 1983: unatoa notisi ya siku 30, na kampuni yako ama inakubali umalizane, ama inakulipa yenyewe kile kiasi alichotoa mwenzako ili ibaki na haki ya kumfuata. Georgia ina hati maalumu ya kuachilia kwa mpaka, inayokuruhusu kupokea kikomo cha mwenye kosa huku dai la UM likibaki hai. Ukisaini hati ya kawaida ya kuachilia kila kitu badala ya hiyo, mlango umefungwa. California inataka kikomo cha mwenye kosa kiwe kimelipwa chote kwanza ndipo uguse UIM. Ukikubali 22,000 kwa dereva mwenye kikomo cha 30,000 kwa sababu umechoka kusubiri, umekosa vyote viwili.

Hati ya uharibifu wa gari peke yake ni jambo jingine, na unaweza kuisaini mapema. Lakini soma maneno yake. Ikisema "madai yote yanayotokana na ajali hii", irudishe irekebishwe itaje mali tu.

Baada ya hapo mnashika pande mbili na kampuni yako mwenyewe. Wengi hili huwashangaza: umelipa miaka kumi, halafu mkaguzi wake anakuhoji kama mshtakiwa. Katika dai hili yeye amekalia kiti cha yule aliyekugonga, na anaruhusiwa kubishia kosa, kubishia jeraha na kubishia gharama. Mkataba unakutaka ushirikiane, kwa hiyo usigome kutoa maelezo, ila waweza kuomba wakili awepo na mkalimani wa Kiswahili awepo. Usikubali mtoto wako atafsiri. Texas ni ngumu zaidi: Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 2006 kwamba kampuni haina wajibu wa kimkataba wa kulipa UIM mpaka hukumu ithibitishe kosa la yule dereva na kiasi cha hasara. Maana yake, kampuni isipotaka kuelewana, unaweza kulazimika kuendesha kesi nzima kwanza. California hupeleka ugomvi huu kwa msuluhishi badala ya hakimu, na kwa dai la UM una miaka miwili tangu ajali kuanzisha usuluhishi huo rasmi, kumshtaki mwenye kosa au kuelewana. Barua za kirafiki na mkaguzi hazisimamishi saa hiyo.

Wakili wa madai haya kwa kawaida hulipwa sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja, bila malipo ya mwanzo. Muulize kabla ya kusaini kama asilimia yake inahesabiwa hata kwenye fedha za PIP na za malipo ya matibabu, ambazo mara nyingi hazihitaji ubishi wowote.

Maswali matatu yameletwa kwa karatasi, tuyajibu.

La kwanza linatoka kwa anayebeba abiria na vyakula kwa programu za simu. Ndugu yangu, mkataba wako binafsi kwa kawaida unajifunga pale unapowasha programu kusubiri wateja, UM ikiwa ndani yake. Kampuni ya programu ina bima yake, lakini inabadilika kwa hatua: ukiwa unasubiri ni ndogo, ukiwa na abiria ni kubwa, na UM yake hutofautiana kwa jimbo na hubadilishwa mara kwa mara. Nunua kiambatisho cha kazi hiyo kwenye bima yako, na uliza kwa neno moja moja kama UM inabaki hai katika kipindi cha kusubiri.

La pili: "Nikidai UM, bei yangu itapanda?" California hairuhusu kupandishiwa bei kwa ajali ambayo kosa kuu si lako. Kwingine sheria hutofautiana, lakini hata palipo na ongezeko, lipime dhidi ya dai lenyewe kabla ya kulitupa.

La tatu linauliza kuhusu mtu aliyekuwa akiendesha bila bima naye akagongwa. Majimbo kadhaa yanamwadhibu hata kama kosa si lake. California, tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 213 mwaka 1996, inamnyima fidia ya maumivu, akibaki na gharama za matibabu na kipato tu. New Jersey na Michigan zina sheria za namna hiyo, kila moja kwa masharti yake. Na kama gari ni lako lakini hukuliingiza kwenye mkataba, ukidhani UM ya gari lako jingine itakufuata, mikataba mingi ina kipengele kinachokataa gari unalolimiliki bila kuliwekea bima. Liandikishe siku unayolinunua, kabla hujalitoa kwa muuzaji.